Opereta ya spini ikigoma: kutafuta kosa kwenye chembe mbili, tatu na zaidi

Baraza langu la Nyegezi, Mwanza, lina meza ya mbao, ubao uliopasuka kona moja, na karibu kila jioni wanafunzi wanne au watano wa fizikia wanaojiandaa na mtihani wa mekanika ya kwanta. Swali lao halibadiliki: "Mwalimu, jibu la kitabu ni hili, langu ni hili. Nimekosea wapi?" Nimeshazipitia daftari nyingi kiasi kwamba siku hizi sisomi hesabu kuanzia juu. Natazama jibu la mwisho kwanza, kama fundi wa injini za boti pale Mwaloni anavyosikiliza mlio kabla hajashika spana. Kila jibu bovu lina mlio wake.

Na karibu yote yana mzazi mmoja. Opereta ya spini, yaani amri ya kihesabu inayoigusa spini (kama mzunguko wa ndani wa chembe), ina anwani. S₁z, spini ya chembe ya 1 kwenye mhimili wa z, inaijua chembe ya 1 tu. Chembe ya 2 inaipita bila kuigusa. Kuiandika kikamilifu ni S₁z ⊗ 1 (⊗ inaziunganisha chembe kwenye hesabu moja), na ile "1" ndiyo amri ya kumwambia wa pili "wewe kaa ulivyo". Kwa uvivu wa kalamu tunaiacha, inabaki ya kimya, kisha tunasahau kwamba ilikuwepo. Hapo ndipo gari linapotoka barabarani.

Tuelewane alama. |↑↓⟩ ni chembe ya kwanza spini juu, ya pili spini chini. Wa kushoto ndiye namba 1 siku zote. Chembe ni za spini ½ mpaka niseme vingine. Sz ikigusa ↑ inairudisha ↑ ileile na ħ/2 mbele yake (ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π). Ikigusa ↓, mbele inakaa −ħ/2. S₊ inapandisha ↓ kuwa ↑ na kutoa ħ. Ikiikuta ↑ haina pa kuipeleka, inatoa sifuri. S₋ ni kinyume chake. Nikisema "hali maalumu" nina maana ya hali ambayo opereta ikiigusa inarudi yenyewe, imezidishwa na namba tu.

"Kitabu kina ħ, mimi nina ħ²/4"

Swali lilikuwa Sz ya jumla kwenye |↑↑⟩. Huyu amezidisha: ħ/2 mara ħ/2. Ukipima sangara wawili mmoja mmoja, wa kilo 3 na wa kilo 4, mzigo wako ni kilo 7. Hakuna mchuuzi atakayekulipa kilo 12. Spini ya jumla ni jumla, Sz = S₁z + S₂z, yaani S₁z ⊗ 1 + 1 ⊗ S₂z. Kila kipande kinaigusa chembe yake, ile nyingine inasubiri, kisha unajumlisha: ħ/2 + ħ/2 = ħ.

Lile zao nalo ni opereta halali. S₁zS₂z inajibu swali jingine: je, hawa wawili wanakubaliana? Wakielekea upande mmoja inatoa ħ²/4, wakipishana −ħ²/4. Tutaihitaji baadaye, kwa hiyo usiitupe. Ila kosa hili hukamatwa kwa vizio hata kabla ya hesabu: Sz ya jumla lazima itoke na ħ moja. Ukiona mbili, rudi mstari wa kwanza.

"Imetoka sifuri, nimefuta ukurasa mzima"

Usifute. Sifuri ziko za aina mbili na wanafunzi huzichanganya. Sz kwenye |↑↓⟩ inatoa ħ/2 − ħ/2, yaani 0 mara |↑↓⟩. Hali ni nzima, thamani yake maalumu ndiyo sifuri. Hilo ni jibu safi, liandike. Ya pili ni S₊ kwenye |↑↑⟩: umefika kileleni mwa ngazi, hakuna hatua tena.

Hii ya pili ni kipimo kizuri cha alama ya kutoa. Chukua singileti, hali ya spini ya jumla sifuri, (|↑↓⟩ − |↓↑⟩)/√2, uiguse kwa S₁₊ + S₂₊. Kipande cha kwanza kinakupa |↑↑⟩ kupitia chembe ya 2, cha pili kinakupa −|↑↑⟩ kupitia chembe ya 1, zinauana. Ikiwa kwako imebaki √2 ħ|↑↑⟩, basi mahali fulani toa imegeuka kujumlisha, na unachokishika ni tripleti, hali ya spini ya jumla 1.

"S² inanipa 3ħ²/2 kila ninapoigusa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili na mimi lilinila alama nikiwa mwaka wa tatu, na msahihishaji hakuandika chochote zaidi ya mkwaju mwekundu.

S² ni mraba wa spini ya jumla. Dalili iko hivi: |↑↑⟩ inatoa 3ħ²/2, |↑↓⟩ inatoa 3ħ²/2, singileti 3ħ²/2, tripleti 3ħ²/2. Opereta isiyobagua mtu. Chanzo ni kwamba umeandika S² = S₁² + S₂². Kila chembe ya spini ½ ina S² yake ya 3ħ²/4, mbili zinakuwa 3ħ²/2, basi. Lakini mraba wa jumla si jumla ya miraba, na hilo tulifundishwa sekondari kwa (a + b)². Kipande cha katikati kimebaki njiani:

S² = S₁² + S₂² + 2 S₁·S₂

Na S₁·S₂ yenyewe ina viungo vitatu, x, y na z, ambavyo kwa kazi ya mikono ni rahisi zaidi kuvipanga hivi:

S₁·S₂ = S₁zS₂z + ½(S₁₊S₂₋ + S₁₋S₂₊)

Sehemu ya kwanza inauliza kama wanakubaliana. Ile ya mabano inabadilishana: mmoja anapanda, mwenzake anashuka. Tuiguse |↑↓⟩ polepole. Miraba miwili inatoa 3ħ²/2. Kutoka 2S₁zS₂z tunapata 2 × (−ħ²/4) = −ħ²/2. Kwenye mabano, S₁₊ inaikuta chembe ya 1 iko juu tayari, kwa hiyo kipande hicho kinakufa. S₁₋S₂₊ inaishusha ya 1 na kuipandisha ya 2, inatoa ħ²|↓↑⟩, na ile ½ inaliwa na 2 ya mbele. Jumla:

S²|↑↓⟩ = ħ²|↑↓⟩ + ħ²|↓↑⟩

Tazama kilichotokea. |↑↓⟩ haikurudi peke yake, imekuja na mwenzake. Kwa hiyo si hali maalumu ya S², na wala usitafute thamani yake maalumu, haipo. Ukizijumlisha hizo mbili unapata hali yenye 2ħ², ndugu wa tripleti. Ukizitoa unapata sifuri, singileti. Wengi wamekariri hizi mbili bila kujua zinatoka wapi. Zinatoka kwenye mstari huo mmoja.

Kwa wanaochoka haraka kuna njia ya mkato aliyoionyesha mwanafizikia Dirac. Kwa chembe mbili za spini ½, S² = ħ²(1 + P), ambapo P ni opereta ya kubadilishana viti: wa kushoto aende kulia, wa kulia aje kushoto. Jaribu: |↑↓⟩ inatoa ħ²(|↑↓⟩ + |↓↑⟩), vilevile kama juu. |↑↑⟩ ukibadilisha viti haibadiliki, inatoa 2ħ². Singileti inageuza alama, 1 − 1, sifuri. Mimi huitumia kuhakiki kazi ya wanafunzi wakati chai bado ya moto. Ila ni ya spini ½ peke yake. Usiipeleke kwenye spini 1.

"S² kwenye |↑↑⟩ imezaa |↓↓⟩"

Huyu alikataa ngazi (S₊ na S₋) akatumia x, y na z moja kwa moja. Ni haki yake, lakini amepoteza i. Sx inapindua mshale na kutoa ħ/2. Sy nayo inapindua, ila ↑ inakuwa (iħ/2)↓ na ↓ inakuwa (−iħ/2)↑. Kwa hiyo S₁xS₂x kwenye |↑↑⟩ inatoa ħ²/4 |↓↓⟩, na S₁yS₂y inatoa i mara i, yaani −ħ²/4 |↓↓⟩. Zinafutana. Ukiandika Sy bila i, zinajumlishana badala ya kufutana, na mgeni anatokea ambaye hakualikwa. Sz ya jumla haiwezi kuruka kutoka ħ hadi −ħ kwa S² tu. Mgeni huyo akionekana, nenda moja kwa moja kwenye Sy.

"Nimeshusha |↑↑↑⟩, nimefika |↓↓↓⟩"

Chembe zikiwa tatu, ile 1 ya kimya inakuwa mbili na watu wanapotea kabisa. Hapa nawatoa wanafunzi nje ya baraza. Usiku wa giza la mwezi, taa za wavuvi wa dagaa hujaa ziwani mpaka mgeni anadhani kuna mji ng'ambo. Chukua taa tatu, zote zinawaka. S₋ ya jumla ni S₁₋ + S₂₋ + S₃₋. Maana yake: zima ya kwanza ukiziacha mbili zikiwaka, rudi mwanzo, zima ya pili peke yake, rudi tena, zima ya tatu. Mwisho unajumlisha matokeo matatu. Hakuna mahali ulipozima zote kwa mkupuo. Hiyo ingekuwa S₁₋S₂₋S₃₋, zao, yule jamaa wa sangara wa kilo 12.

S₋|↑↑↑⟩ = ħ(|↓↑↑⟩ + |↑↓↑⟩ + |↑↑↓⟩)

(Taa haziwezi kuwaka na kuzimika kwa pamoja, chembe zinaweza. Mfano wangu unaishia hapo, msiubebe hadi kwenye mtihani.)

Urefu wa hali hiyo ni √3 ħ, na fomula ya ngazi, ħ√(s(s+1) − m(m−1)), ambapo s ni ukubwa wa spini ya jumla na m ni Sz yake kwa kipimo cha ħ, kwa s = 3/2 na m = 3/2 inatoa √(15/4 − 3/4) = √3. Zimekubaliana. Shusha tena: kila hali yenye taa mbili zilizozimika inafikiwa kwa njia mbili, kwa hiyo 2 inajitokeza mbele. Aliyepata 1 badala ya 2 ameruka njia moja, mara nyingi ile inayoanzia katikati.

Kama unataka S² kwa tatu, viti vinabadilishana kwa jozi: S² = ħ²(3/4 + P₁₂ + P₁₃ + P₂₃). Kwenye |↑↑↑⟩ inatoa 15ħ²/4. Na hesabu viti vyote: hali ziko 8, zinagawanyika 4 za spini 3/2, halafu 2 na 2 za spini ½. Wengi huandika 4 na 2, wanabaki na 6, kisha wanalaumu kitabu.

"Nimepima Sx kwenye ↑, imekuwa ↓"

Fupi tu. Hujapima. Umegusa kwa opereta, na Sx|↑⟩ = (ħ/2)|↓⟩ ni mstari wa aljebra. Kupima Sx kwenye ↑ kunatoa ħ/2 nusu ya mara na −ħ/2 nusu nyingine, na hali inayobaki inaelekea x au −x. Wanafizikia Stern na Gerlach walipopitisha atomi za fedha kwenye sumaku kule Frankfurt mwaka 1922, sahani ilionyesha alama mbili. Walipata matokeo ya kipimo. Hakuna opereta iliyoandikwa kwenye sahani ile. Ukitaka wastani wa kipimo, weka opereta katikati ya hali na kioo chake, ⟨↑|Sx|↑⟩, upate sifuri.

"Namba ni sahihi, zimekaa pasipo pake"

Hii ni ya wenye kompyuta. Dalili: matriksi ya S₁z yako inatoka na ulalo (namba za kutoka kona hadi kona) wa (1, −1, 1, −1) mara ħ/2, wakati kwa mpangilio wetu inapaswa kuwa (1, 1, −1, −1). Umegeuza mpangilio wa zao la Kronecker, yaani ile ⊗ ikiandikwa kwa matriksi: umeandika kron(1, Sz) mahali pa kron(Sz, 1). Hapa ile 1 si ya kimya tena, lazima uichape, na mahali ulipoichapa ndipo penye anwani. Zipo pia programu zinazohesabu kutoka kulia. Qiskit, ya kompyuta za kwanta, ni mojawapo, kyubiti (chembe yake ya hali mbili) ya 0 iko mwisho wa kulia. Kabla ya kuamini chochote, gusa |↑↓⟩ kwa S₁z. Usijaribu kwa |↑↑⟩, maana hiyo inafanana pande zote na haitakuambia kitu.

Na kama mashine inaganda, hesabu ukubwa. Chembe 14 zina hali 16,384. Matriksi kamili ya namba changamano inakula gigabaiti 4 hivi, ndiyo kumbukumbu yote ya laptopu nyingi ninazoziona barazani. Sehemu kubwa ya hizo ni sifuri. Hifadhi zisizo sifuri peke yake na mambo yataenda, umeme ukiruhusu.

"Haidrojeni yangu inatangaza kwenye sentimita 42"

Hili ndilo kosa ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linasikika. Kwenye atomi ya haidrojeni, spini ya elektroni na spini ya protoni zinahisiana, na nishati yake unaweza kuiandika A S₁·S₂/ħ², ambapo A ni nguvu ya kuhisiana huko. Wanafizikia Ewen na Purcell waliikamata sauti yake kutoka angani mwaka 1951: megahetsi 1420, urefu wa wimbi sentimita 21. Binti mmoja wa Ukerewe aliniletea megahetsi 710 na sentimita 42, nusu na mara mbili kamili. Amechoka, amejaribu mara nne, kila mara 42.

Nusu kamili haitokei kwa bahati mbaya. Alikuwa amehesabu |↑↑⟩ akapata A/4, akahesabu |↑↓⟩ akapata −A/4, akatoa: A/2. Yaani ametumia S₁zS₂z tu, ile ya kukubaliana, na mabano ya kubadilishana ameyaacha nje. Nikamwambia aiguse |↑↓⟩ kwa opereta yote. Ikatoka −A/4 ya |↑↓⟩ pamoja na A/2 ya |↓↑⟩. Akatazama kidogo, akasema, "Kumbe hii si hali maalumu." Basi. Akajumlisha, akapata A/4. Akatoa, akapata −3A/4. Pengo ni A, megahetsi 1420. Akasema "wabeja, mwalimu", akafunga daftari.

(Kuna anayeuliza kama hapa tulipaswa kufanya hali igeuze alama tukibadilisha viti, kwa kuwa zote ni spini ½. Hapana. Elektroni na protoni hazifanani. Sharti hilo ni la elektroni mbili, kama kwenye heliamu.)

"Deuteriamu yangu ina ngazi tatu"

Kesho yake alirudi. Alikuwa amejipa kazi mwenyewe: badala ya protoni kaweka deuteroni, kiini cha deuteriamu (haidrojeni nzito), ambayo spini yake ni 1. Hali ziko 6, zinapaswa kugawanyika 4 za spini 3/2 na 2 za spini ½, kwa hiyo ngazi za nishati ni mbili tu. Yeye alikuwa na tatu: 0.5A kwa hali mbili za pembeni, 0.309A na −0.809A kwa zile za kati.

Hali nne za spini 3/2 ni familia moja, lazima zikae kimo kimoja. Zikiachana, anayezipandisha na kuzishusha amepewa hatua ya urefu mbaya. Nikatafuta S₂₋ kwenye daftari lake. Ameandika ħ, kwa mazoea ya spini ½. Kwa spini 1, fomula ileile ya ngazi inatoa ħ√(2 − 0) = √2 ħ, kwa hatua ya kutoka 1 kwenda 0 na ya kutoka 0 kwenda −1. Weka √2 kwenye kipande cha kubadilishana, kisha fungua upya matriksi ya mbili kwa mbili: 0.309 inapanda hadi 0.5 na kuungana na ndugu zake, −0.809 inashuka hadi −1. Pengo ni 3A/2, kwa A ya deuteriamu yenyewe.